Mali Bila Daftari: Picha katika Tarakilishi ya Nyumbani

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huhusishwa na mfanyabiashara na hesabu zake, lakini yafaa pia kumzindua mtu aliyejaza picha za jamaa zake katika tarakilishi ya nyumbani pasi na kuzipanga wala kuzipa maelezo.

Katika enzi za filamu, uchache wenyewe ulikuwa mlinzi. Mkanda mmoja ulitoa picha 36 hivi, na kila moja ililipiwa kusafishwa. Mwenye picha aliibandika katika albamu, au akaandika nyuma yake kwa kalamu: jina, mahali, mwaka. Kamera ya dijitali iliondoa gharama hiyo, ikaondoa pia uangalifu uliotokana nayo. Arusi moja sasa huzaa picha mia kadhaa, na kila moja hupewa na kamera jina lisilomwambia mtu lolote, kama vile IMG_0412.

Ni kutokana na tatizo hili ndipo zilipobuniwa programu za kupanga na kuhariri picha. Mnamo Januari 2002 kampuni ya Apple ilitoa iPhoto. Mwaka uo huo ilizuka Picasa, ambayo Google iliinunua mwaka 2004 na kuigawa bila malipo. Picasa haikuzihamisha picha. Ilizitafuta katika folda zilimokuwa na kuzionyesha kwa mpangilio wa tarehe. Tarehe hizo zilisomwa ndani ya faili zenyewe, kwani tangu kuasisiwa kwa kanuni ya Exif nchini Japani mwaka 1995, kamera huandika ndani ya picha siku na saa ya kupigwa kwake. Hata hivyo, saa ya kamera isiporekebishwa, matanga ya mwaka huu yataonekana kutangulia arusi ya mwaka jana.

Upande wa uhariri nao una funzo kwa mwanafunzi wa fasihi. Mhariri mwangalifu wa mswada wa kale hafuti maandishi ya mnakili. Huweka masahihisho yake pembeni. Vivyo hivyo, programu bora huhifadhi kando maagizo ya kupunguza kingo, kunyoosha picha iliyoinama au kuondoa wekundu wa macho, na kuiacha picha asilia ilivyo. Manufaa yake ni makubwa. Faili ya aina ya JPEG hupoteza sehemu ya taarifa zake kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na kilichopotea hakirejei.

Mwaka 2009 Picasa iliongezewa uwezo wa kutambua nyuso. Ilikusanya sura zinazofanana, kisha ikamwachia mwenye tarakilishi kazi ya kuzipa majina. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mashine yaweza kubaini kuwa bibi aliyeketi mkekani katika picha hii ndiye aliyesimama mlangoni katika ile. Haiwezi kujua kama ni shangazi au mkaza mjomba, wala ni kwa nini hakuna aliyesimama karibu naye. Anayejua ni mzee wa ukoo, naye akifariki huondoka na jibu.

Isitoshe, daftari lenyewe laweza kufa. Apple iliiacha iPhoto mwaka 2015 na kuleta programu nyingine mahali pake. Google nayo ilikoma kuihudumia Picasa mwezi Machi 2016. Picha hazikufutika. Lakini kwa kawaida Picasa iliweka majina ya nyuso nje ya picha, katika hazina yake yenyewe, na programu nyingi nyingine hazikuweza kuyasoma. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha za JPEG yalinusurika, kwa kuwa yalihifadhiwa ndani ya faili na yalisafiri nayo popote ilipopelekwa.

Kwa hivyo, mwenye busara huandika maelezo ndani ya picha yenyewe, kwa lugha ambayo ukoo wake huitumia kuitana, na huweka nakala mahali zaidi ya pamoja. Kazi hii haihitaji kumalizwa kwa siku moja. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Linalohitaji haraka ni kuketi na mzee mbele ya kioo cha tarakilishi na kumuuliza, picha baada ya picha, huyu ni nani, angali yupo wa kujibu.