Chupa Iliyokuwa Haijaisha

Mwaka 2014, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi katika mwaka wangu wa mwisho, nilikwenda Uganda kujitolea kwa miezi mitatu katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, kwenye vijiji vilivyo nje ya mji wa Mbarara. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, na jambo hilo lilinitia kiburi kidogo. Maana Kihaya na Kinyankole ni lugha ndugu, na kabla ya juma la pili kwisha nilikuwa nikiamkiana na wazee bila mkalimani. Nilidhani kuyaelewa maneno ya watu ndiko kuwaelewa watu wenyewe.

Kila asubuhi tulitoka watatu: muuguzi aliyekuwa kiongozi wetu, mimi nikichukua mkoba, na mzee mmoja mkulima aliyejitolea kwa ajili ya kijiji chake. Mzee huyo hakuwa na cheti chochote. Kazi yake ilikuwa kujua nani hakuonekana shambani, nani ameacha kula, na nyumba gani haina mtu wa kuteka maji. Wengi wa wagonjwa wetu walikuwa na saratani iliyokwisha kuenea mwilini. Tuliwaosha vidonda, tukanyunyizia unga wa vidonge vya metronidazoli ili kuondoa ile harufu inayomfanya mgonjwa aone haya mbele ya watoto wake, kisha tukawaachia mofini ya maji.

Najua wapo wasomaji watakaoshtuka wakisikia mofini. Nami nilishtuka. Lakini wenzetu wa Uganda wametangulia sana katika jambo hili. Dakta Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya kunywa ikawa inatengenezwa humo humo nchini, unga ukichanganywa na maji. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Mgonjwa hupewa bure. Hunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku hunywa kipimo maradufu ili apate usingizi hadi kukicha. Haingojwi maumivu yarudi, dawa huyatangulia. Na kwa kuwa hufunga choo, akina mama wa huko hukausha mbegu za papai, wakazisaga, wakampa mgonjwa pamoja nayo.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwapo mama mmoja mwenye saratani ya titi. Tulipomwona mara ya kwanza alikuwa amejikunja kama mtoto, uso ameuelekeza ukutani. Baada ya juma moja la dawa tulimkuta ameketi mlangoni akiambua maharage, akaniuliza kama kwetu Bukoba ndizi bado zinapikwa na maharage, au tumekwisha kuwa watu wa wali. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne, ndiye aliyekuwa mlinzi wa saa. Alisikiliza redio ya jirani, na taarifa ya habari ikianza alikimbia kumwita mama yake alete kijiko.

Ijumaa moja, zikiwa zimesalia siku sita niondoke, niliwaaga. Niliwaaga kwa maneno mengi, kama tufanyavyo sisi wageni, ambao hupenda sana kuagana. Nilimshika mkono binti wa yule mama, aliyekuwa ndiye mwuguzaji wake, nikamwambia siku zangu zimekwisha na sitakuja tena. Akainamisha kichwa. Nikadhani ni huzuni ya kunipoteza, na kusema kweli moyo wangu ulifurahi.

Jumanne tuliporudi, mama alikuwa ameugeukia ukuta tena. Hakuitikia salamu. Nilimpima, nikauliza dawa inanyweka, nikajibiwa inanyweka. Pale pale nikatoa hukumu: ugonjwa umepanda, kipimo kiongezwe. Nilimweleza kiongozi wetu kwa ufasaha kabisa, kama niliyekuwa mbele ya watahini.

Mzee hakusema neno. Aliinuka, akaichukua ile chupa kutoka dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Kwa hesabu ya siku zilizopita ilipasa iwe imebaki dawa ya siku moja tu. Ilikuwa imezidi nusu.

Akamwuliza binti, kwa sauti ya chini kama mtu aulizaye habari za mvua, “Mwanangu, unamwekea nani?”

Binti akalia. Alisema, “Huyu dada anakwenda zake. Hii ikiisha, nani ataleta nyingine?” Tangu Ijumaa alikuwa akimpa mama yake kijiko asubuhi na kijiko usiku, basi, na mchana akimfunga kitambaa cha maji ya baridi.

Mama yule aliumia siku nne kwa sababu ya kuaga kwangu. Miezi mitatu mkoba ulikuwa mikononi mwangu, nami ndiye niliyetoa chupa na kupokea shukrani. Haikunijia hata mara moja kumweleza binti ilikotoka. Kiongozi wetu hakunikaripia. Alisema kipimo kitabaki kile kile, kitolewe kwa saa zake, na kwamba kesho yake nifuatane na binti hadi kituo cha afya.

Tulikwenda kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, tukipishana na ng’ombe wa pembe ndefu waliokuwa wakishuka mtoni. Tulipofika nilibaki nje chini ya mti, kwa amri. Aliingia peke yake, akaonyeshwa daftari lenye jina la mama yake, akatoka na chupa mpya aliyoifunga ndani ya kanga.

Alhamisi, siku yangu ya mwisho, mkoba aliuchukua mzee. Mama alikuwa ameketi kitandani akinywa uji wa ulezi. Aliniambia nimsalimu mama yangu, na nisisahau kuvaa sweta ndani ya basi. Binti hakuwa na wakati wa kuagana nami. Redio ya jirani ilikuwa imeanza kusoma habari, naye alikuwa akitafuta kijiko.