Mchuuzi na Kitabu Chake

Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya kuandika vitabu ni ya walimu, mapadri na watu wa serikali. Mchuuzi, wasema, kazi yake ni kununua na kuuza. Kalamu yake ni ya kuandika madeni tu. Sisi twaona sivyo. Mtu aliyekaa dukani miaka mingi ameona mambo ambayo mwalimu hakuyaona, naye akifa bila kuyaandika, ujuzi wake wazikwa pamoja naye. Lakini kabla hajashika kalamu, yampasa ajiulize neno moja: kitabu hiki ni cha nani?

Sisi wawili, mume na mke, tunauza unga, mafuta na chumvi mjini Lubumbashi tangu mwaka 1988. Tulipotaka kuandika kitabu juu ya kazi hiyo, rafiki zetu walitushauri tukiandike kwa Kifaransa, tuweke picha yetu kubwa kwenye jalada, tusimulie jinsi tulivyofanikiwa, ili wakubwa wa benki wakisome na kutuheshimu. Kitabu cha namna hiyo ni kama kibao cha duka: chamwita mteja, lakini hakimfundishi kitu. Kuwa na kibao si vibaya. Lakini nani hutoa pesa yake kununua kibao cha mwenzake?

Basi tulisema: kitabu chetu ni cha kijana anayeanza na gunia moja la unga na meza sokoni. Neno hilo likakata mashauri yote.

La kwanza, lugha. Mwaka 1494, katika mji wa Venezia, mtawa mmoja wa Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli, alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu. Ndani yake alieleza jinsi wachuuzi wa Venezia walivyotunza daftari: kila jambo laandikwa mara mbili, upande mmoja kilichopokewa, upande wa pili kilichotolewa, na mwishoni pande mbili zilingane. Wataalamu wa siku zile waliandika Kilatini. Yeye aliandika Kiitalia, wachuuzi wapate kuelewa. Na hapa kwetu, mwaka 1965, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, André Yav aliandika habari za mji huu kwa ajili ya chama cha wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani. Aliandika Kiswahili cha mji, kile kile walichosema. Kurasa zile hazikupotea: mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alizitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi na sisi tukaandika Kiswahili.

La pili lilikuwa gumu zaidi: hasara. Mwaka 1991 maduka ya mji yaliporwa, na letu pia; tulibaki na mizani na viti viwili. Mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaleta faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu, msomaji: faranga moja ilisimama mahali pa zaire za kwanza 300,000,000,000. Aliyeficha noti zake ndani ya godoro aliamka na karatasi. Katika miaka hiyo tulijifunza kuhesabu mali kwa magunia, si kwa noti: tukiwa na magunia kumi mwezi wa kwanza na manane mwezi wa pili, tumepata hasara, hata kama noti zimejaa sanduku. Tena kulikuwa na jamaa mmoja aliyechukua magunia sitini kwa deni, asilipe mpaka leo.

Mzee wa ukoo wetu, ndiye aliyetukopesha pesa za kuanza, alisomewa kurasa hizo. Akasema, «Wanangu, ondoeni habari hizi. Mchuuzi akionyesha kidonda chake sokoni, nani atamkopesha tena?»

Tukamjibu, «Baba, twakuheshimu. Lakini kijana akisoma faida tupu, siku duka lake litakapoanguka hatatafuta sababu katika daftari. Atatafuta mchawi katika ukoo. Atamshika bibi yake.»

Mzee alinyamaza kitambo. Alikuwa amekwisha kuona mambo ya namna hiyo. Mwisho akasema, «Andikeni hesabu ya magunia. Jina la mdeni msiliandike.» Tukafanya hivyo.

Neno la mzee halikuanguka chini. Mwenye ghala mmoja, alipousoma ukurasa ule, alikataa kutupa mali kwa deni. Kwa miezi mitatu tulilipa taslimu, na duka likawa nusu tupu. Lakini katika siku hizo hizo binti mmoja auzaye unga sokoni alitujia na daftari lake. Alikuwa amepiga mstari katikati ya kila ukurasa, huku kilichoingia, huku kilichotoka. Akasema, «Nilidhani ni mimi peke yangu ninayepoteza.»

La tatu, chapa. Kupanga kurasa na kutayarisha mtambo kwagharimu pesa ile ile, ukichapa vitabu 50 ama 1,000. Kwa hiyo mpiga chapa alituambia: chapeni 1,000, kila kimoja kitakuwa rahisi. Ni kweli. Lakini kitabu rahisi kisichonunuliwa ni kama unga uliolala: panya ndio wanaofaidi. Tulichapa 150, na kwa pesa ya hivyo tukachapa tena.

Wengine, wakiogopa gharama, huacha maandiko ndani ya sanduku. Hao wamkumbuke Benedetto Cotrugli, mchuuzi wa Ragusa, mji unaoitwa leo Dubrovnik. Alimaliza kitabu chake juu ya biashara mwaka 1458, naye alieleza namna ile ya kuandika mara mbili, miaka 36 kabla ya kitabu cha Pacioli kutoka. Lakini kitabu chake hakikupigwa chapa ila mwaka 1573, naye alikuwa amekufa tangu 1469. Kwa hiyo watu wengi hulitaja jina la Pacioli, na la Cotrugli hawalijui.

Wasomaji wapenzi, katika kila parokia wako wachuuzi, mafundi na wenye malori wanaojua mengi. Yafaa waandike, hata kurasa ishirini tu. Wasione haya kuandika hasara: ndiyo sehemu waliyoilipia ghali, na ndiyo vijana wanayoitafuta. Daftari la upande mmoja halilingani kamwe. Na kitabu vilevile.