Chumba cha Nyuzi 22

Miongozo yote ya kuongezea kompyuta kasi niliyowahi kusoma imeandikwa ndani ya chumba kimoja. Sijawahi kukiona chumba hicho lakini nakijua. Kina kioo dirishani, kina kapeti, na joto lake ni nyuzi 22. Waandishi wenyewe hawakizungumzii. Wakikitaja ni kwa neno dogo pembeni ya jedwali, halafu wanaendelea na yao: volti hii, kasi ile, kipoozi hiki ni moto wa kuotea mbali. Chumba changu ni cha mabati. Kiko Hagadera, na mwezi wa Machi, saa tisa mchana, kipimajoto nilichokitundika juu ya meza kinasoma 41.

Kwa wasioijua, Hagadera ni ile kambi ya kusini katika kambi za Dadaab, upande wa Fafi, Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka wa 1992. Ina soko ambalo mgeni akiingia anasahau yuko kambini: simu, dhahabu, nyama ya ngamia, vitambaa vya harusi, na jenereta za dizeli ambazo wenyewe wanauza umeme kwa waya, unalipia balbu, unalipia soketi. Jenereta inayolisha laini yetu inawashwa saa kumi jioni na kuzimwa saa tano usiku. Masaa saba. Shika hiyo namba, tutaihitaji.

Kazi yangu ni harusi, na katika harusi kazi yangu ni upande wa akina mama. Wanaume wana mpiga picha wao. Upande wetu mitandio inashuka, hina inaonekana hadi kiwikoni, dirac zinang'aa, na wamama wanasimama mmoja mmoja kutoa buraanbur, ule ushairi wa wanawake wetu unaoimbwa kwa ngoma na vifijo. Mwenye kamera ni mwanamke na anayehariri ni mwanamke. Hayo ndiyo makubaliano, hata kama hayajaandikwa popote. Memori kadi ikitoka mkononi mwangu ikaingia kwenye kompyuta ya kijana wa saiba, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja, siku hiyo biashara yangu imekufa. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Si upeleke tu kwa mashine kubwa pale sokoni," namtazama tu.

Mashine yangu iliundwa Eastleigh, kipande kwa kipande, na mtoto wa adeer yangu. Alikuwa akishuka Luthuli Avenue na orodha yangu mfukoni na pesa yangu kwa M-Pesa, wiki hii memori, wiki ijayo pawa saplai. Prosesa ni Core i5-3570K ya mwaka wa 2012, ex-UK, imetumika lakini nzima. Hiyo herufi K mwishoni ndiyo uhondo wenyewe. Maana yake kiwanda hakikufunga kufuli: unaweza kuovakloki, yaani kuilazimisha ikimbie zaidi ya kasi iliyoandikiwa. Imeandikiwa gigahezi 3.4, na ikijikaza yenyewe inafika 3.8. Binamu akaipeleka 4.4, volti 1.25, akairendesha harusi ya rafiki yake wa Pangani kwa masaa manne bila kukohoa. Alinitumia picha ya skrini: chumba nyuzi 24, prosesa nyuzi 80. Akaifunga kwa mablanketi ndani ya katoni, akaipandisha basi.

Ilifika. Ikawaka. Kwa siku kadhaa nilikata na kupanga picha nayo vizuri tu, kwa sababu kukata hakuichoshi. Kilichoichosha ni kurenda, pale unapoiambia ichukue kila kitu ulichopanga, rangi, sauti, maandishi, na kukipika kiwe faili moja. Hapo ndipo prosesa inafanya kazi na nguvu zake zote kwa masaa.

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa jirani yetu, mama ninayemwita habaryar ingawa hatuna damu moja. Ilikuwa Machi 2023, ule msimu ambao kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani. Familia ilikuwa na tarehe ya kusafiri, Kanada, Alhamisi. Bi harusi, mumewe, habaryar na wadogo zake. Ayeeyo wao hakuwa kwenye karatasi. Alibaki, na kila mtu pale anajua kubaki kunaweza kuwa kwa miaka mingapi, kwa hiyo hakuna aliyeisema. Siku ya harusi bibi huyo alisimama akatoa buraanbur ya dakika 11. Bi harusi aliniita kando akaniambia, "Walaal, zingine kata utakavyo. Ya ayeeyo usiguse."

Walitaka matoleo mawili: la akina mama, masaa matatu, lenye kila kitu, na la familia nzima, ambalo kaka na mashemeji wanaweza kulitazama. Jumatatu jioni nikabonyeza kurenda. Programu ikahesabu, ikasema masaa tisa na nusu.

Masaa tisa na nusu hayaingii ndani ya saba. Umeme ukikatika katikati faili inaharibika, na kile kibetri changu cha dharura kinanipa dakika nane, za kusema bismillahi na kuzima. Utaniambia niikate vipande. Naam, vipande nilivipanga. Lakini matoleo mawili ni masaa 19, na mimi nilikuwa na jioni tatu, masaa 21, ikiwa dizeli haitachelewa hata siku moja. Dizeli huchelewa.

Nikampigia binamu.

"Abaayo, hapa ilikuwa inapiga 4.4 siku nzima. Kwani umeifanyia nini?"

"Nimeileta nyumbani."

Prosesa za kisasa haziungui kizembe. Ndani yake kuna vipimajoto, na ikifika kikomo chake, hii yangu ni nyuzi 105, inajipunguzia kasi yenyewe ili ipoe. Kwa Kiingereza wanaiita throttling. Mimi nasema inajibana. Mtu yeyote wa hapa anaelewa: ni kama mzee anayetoka msikitini adhuhuri, anatembea polepole kwenye kivuli cha ukuta. Si mgonjwa. Anajua jua.

Kwa hiyo swali halikuwa "imeharibika wapi." Swali lilikuwa: inakimbia nini?

Nilifungua HWMonitor nikaiweka pembeni ya skrini wakati wa kurenda. Prosesa ilipanda hadi 105 ndani ya dakika mbili. Mbili! Kwa kipoozi kirefu chenye mabomba ya shaba hiyo haiwezekani, labda kama hakigusi. Nikazima, nikafungua kasha, nikakitikisa kwa kidole. Kilicheza. Kinashikwa na pini nne za plastiki, na moja ilikuwa imeruka. Kutoka Nairobi mpaka Garissa ni lami. Baada ya hapo ni makorongo na mchanga, na kile kipoozi kilikuwa kikining'inia kama mtoto mgongoni njia nzima. Nikakitoa, nikafuta ile pesti ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya ukubwa wa punje ya mchele, nikazibana pini kimshazari mpaka zikalia. Vumbi nilipuliza kwa pampu ya baiskeli, huku nimezuia feni kwa penseli isizunguke. Vumbi letu ni jekundu na laini kama unga wa hina.

Wengi wangeishia hapo, na video nyingi za YouTube huishia hapo. Jumanne jioni nikawasha tena: prosesa nyuzi 97. Chini ya kikomo. Nikashukuru. Halafu nikaona kasi: 4.4, 4.4, 4.4, kisha ghafla 1.6. Inakaa 1.6 kwa sekunde kadhaa, inarudi 4.4, inaanguka tena. Makadirio: masaa sita na nusu.

Hii sasa ilinikera, kwa sababu namba zilikuwa safi. Prosesa yenyewe inasema haijafika 105, mbona inajibana? Nilishuku umeme kwanza, kwa sababu hapa umeme ndiye mshukiwa wa kila kitu. Soketi ilisoma volti 195 saa moja jioni, wakati friji zote za soko zinavuta. Lakini pawa saplai yangu ni ya kumeza chochote kati ya 100 na 240, na upande wa pili 12 zilikuwa 12. Umeme, kwa mara moja katika maisha yake, hakuwa na hatia.

ThrottleStop ndiyo iliyonionyesha. Ina taa moja ndogo inayoitwa PROCHOT. Hiyo ni ishara ya kuiambia prosesa ipunguze kasi, na prosesa si peke yake inayoweza kuitoa. Bodi pia inaweza. Pembeni ya prosesa, kwenye bodi, kuna safu ya vipande vidogo vyeusi vinavyogeuza zile volti 12 ziwe volti 1 na kitu za kulisha prosesa. Bodi za bei huvikwa vyuma vya kupooza hapo. Bodi yangu ni ya bei yangu, viko uchi. Nikasogeza kidole karibu bila kugusa, nikakirudisha haraka. Pale ndipo palipokuwa panaungua. Prosesa ilikuwa na feni yake, hivi havikuwa na kitu, na hewa waliyopewa ilikuwa tayari ya nyuzi 41.

Hapa ndipo ninapogombana na kile chumba cha nyuzi 22. Kipoozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kulipeleka hewani, basi, na hakiwezi kushuka chini ya hewa yenyewe. Prosesa ya binamu ilipanda nyuzi 56 juu ya chumba chake: 24 ikawa 80. Ongeza 56 hizo hizo juu ya 41 yangu, unapata 97, ile ile niliyoisoma. Hakuna kilichoharibika, hakuna uchawi. Ni kujumlisha tu, ila mmoja wa waliojumlishwa hawakuwahi kumwandika. Na ushauri wao ukifika mwisho ni nini? Nunua kipoozi cha maji. Washa eisii. Mwingine aliandika "fungua dirisha." Ndugu yangu, dirisha langu likifunguliwa ndiyo linaingiza.

Na sikuwa na njia ya kuirudisha Eastleigh ikarekebishwe. Mkimbizi hapandi basi tu akaenda Nairobi. Anaomba kibali cha kutoka kambini, na kibali hakijui Alhamisi ni lini.

Basi nikaingia kwenye baiosi nikafanya kinyume cha mwongozo. Joto la prosesa linafuata kasi mara moja, lakini linafuata volti mara mbili, yaani volti kipeo cha pili. Nikashusha kasi kutoka 4.4 hadi 3.8, na volti kutoka 1.25 hadi 1.05. Piga hesabu: kasi niliyoitoa ni asilimia 14. Joto lililoondoka ni karibu asilimia 40. Nilijaribu 1.02 kwanza, mashine ikaganda ndani ya Prime95 baada ya dakika kumi, kwa 1.05 ikatulia. Kisha nikachukua kifeni cha kompyuta iliyokufa, nikakifunga kwa waya kikielekea vile vipande vyeusi.

Nyuzi 76. Kasi 3.8, mstari ulionyooka kama barabara ya Wajir. Makadirio: masaa manne na dakika arobaini. Usiku huo huo nikapika kipande cha kwanza kabla jenereta haijazimwa.

Binamu hakufurahi. "Yaani K nzima umeifanya ya ofisi?" Namwelewa. Kule kwake 4.4 ni kitu cha kuonyesha washkaji, kama rimu za gari. Lakini 4.4 inayoanguka 1.6 kila dakika inafika nyuma ya 3.8 isiyosimama, na mimi silipwi kwa picha ya skrini. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema nimeanza kuongea kama hooyo.

Jumatano saa tatu na nusu usiku faili ya mwisho iliisha, na jenereta bado ilikuwa inanguruma. Nilivuka bloki na flashi mbili ndani ya kitambaa. Mabegi yalikuwa yamepangwa mlangoni. Wakafunga mlango, wakatazama toleo la akina mama kwenye laptopu, wote kwenye mkeka mmoja, na ilipofika ile ya dakika 11 bi harusi alikaa akiwa ameshika mkono wa bibi yake bila kumwangalia. Ayeeyo alijitazama mpaka mwisho. Halafu akasema nimemfanya mfupi.

Ubavuni mwa kasha nimebandika karatasi. Machi: 3.8, volti 1.05. Julai, kukipoa kidogo: jaribu 4.1, volti 1.12, angalia vile vyeusi. Binamu aliniomba niipige picha. Baadaye nikagundua ameiandika juu "hali ya Hagadera" na kumtumia mteja wake wa Wajir aliyekuwa analalamika kwamba mashine inajibana. Nikamwambia huyo wa Wajir aanze na 3.6.