Tarakimu Niliyoifuta kwa Raba

Kwenye kona ya juu ya fomu ya usaili nilikuwa nimeandika kwa penseli: 800,000. Kiwango hicho alikitaja mkuu wetu asubuhi ileile, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi: "Mhitimu asiye na uzoefu, usizidishe laki nane." Ilikuwa Septemba 2022, katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar es Salaam, watu kumi na wanane kwa jumla. Mimi nilikuwa meneja, na kwa kuwa hatukuwa na afisa rasilimali watu, kazi ya kuajiri niliangushiwa mimi. Nafasi ilikuwa moja. Barua za maombi zilizidi mia mbili.

Binti aliyeingia wa nne alikuwa na shahada ya uhasibu na GPA ya 4.1, lakini si hiyo iliyonishika. Nilimpa urari wenye kosa nililolificha makusudi, akaligusa kwa kidole kabla sijafungua chupa yangu ya maji. Moyoni nikasema kazi imepata mwenyewe. Mwisho nikamuuliza lile swali ambalo wasaili wote wa mji huu huliuliza: "Unategemea mshahara kiasi gani?"

Akaukaza mkanda wa mkoba wake. "Kama laki nne na nusu hivi, kaka. Ila tunaweza kuzungumza."

Hatukuzungumza. Niligeuza penseli upande wa raba, nikafuta 800,000, nikaandika 450,000, nikapuliza uchafu wa raba juu ya meza. Nikamwambia tutampigia simu.

Nimewahi kufanya makosa mengine kazini, ya hesabu na ya ulimi, na mengi yamesahaulika hata na waliotendewa. Hili halitoki. Siku ile nilijiona mjanja. Mkuu alinipiga bega, akasema ndiyo maana ananiamini. Wala sikuwa nimedanganya: binti hakuniuliza bajeti ya ofisi ni kiasi gani, nami sikumwambia. Ningeulizwa wakati ule ningesema ndiyo soko lilivyo, anayeuza ametaja bei, anayenunua amekubali. Lakini Kariakoo mtu akitajiwa bei ya kitenge hupita duka la pili na la tatu akauliza. Mhitimu anaenda kuuliza duka gani? Tangazo la kazi linasema "mshahara mnono" au "maelewano", walioajiriwa wanaficha wanacholipwa hata kwa ndugu zao, na aliyetoka chuoni juzi kiasi kikubwa alichowahi kukishika kwa mkupuo ni bumu la mkopo wa chuo. Mizani ilikuwa upande wangu wa meza, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiisoma.

Julai ya mwaka huohuo Serikali ilikuwa imepandisha kima cha chini cha mtumishi wa umma hadi 370,000. Kwa hiyo kati ya mtu wangu mwenye shahada na mtumishi wa ngazi ya chini kabisa serikalini palikuwa na tofauti ya 80,000. Nililijua hilo. Habari ilikuwa imetangazwa kila mahali, na ofisini tuliijadili tukila chapati.

Alianza kazi Oktoba. Mwisho wa mwezi akaja mezani kwangu na slipu ya mshahara, ameikunja mara mbili.

"Kaka, samahani, naona kama kuna makosa hapa."

Hakukuwa na makosa. NSSF asilimia 10, yaani 45,000. Kodi ya TRA 10,800. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 67,500. Mkononi: 326,700. Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu kuwa hayo ni makato ya kisheria na ofisi haina namna. Ni kweli haina namna. Mimi nilipoanza kurejesha mkopo wangu Bodi ilikuwa ikikata asilimia 8. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakaifanya 15. Ila nilichokuwa nakijua na yeye hakijui ni kwamba pale kwenye usaili alikuwa akitaja fedha ya mkononi, mimi nikaiandika kama fedha ya kabla ya makato. Alikuwa amepiga hesabu zake za chumba Chanika, chakula, nauli, na kidogo cha kumtumia mama. Laki nne na nusu ilikuwa imeshapangwa hadi shilingi ya mwisho, na sasa laki moja na ushei haipo. Mhasibu mwenye kuona kosa ndani ya urari kwa dakika mbili hakuwa ameonyeshwa hata mara moja, katika miaka mitatu ya chuo, slipu ya mshahara wa mtu.

Na kama ningeacha ile 800,000? Baada ya makato yote hayo angeondoka na 540,000. Nililipigia hesabu hilo baadaye sana, kwa kikokotoo cha simu, nikiwa peke yangu kwenye foleni ya magari pale Tazara.

Sasa saa za kazi. Mkataba niliuandika mimi: saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi hadi saa 7:00 mchana. Ukitoa saa ya chakula, hizo ni saa 45 kwa wiki, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Halafu nikaongeza maneno ambayo nilijivunia: "na muda mwingine wowote kazi itakapohitaji."

Anayeijua kazi ya ukaguzi anajua ni lini kazi huhitaji. Wateja wengi hufunga hesabu 31 Desemba, na siku hiyohiyo mkaguzi anatakiwa awepo ghalani kushuhudia mali ikihesabiwa. Mwaka ule tulimpeleka kwenye ghala moja la nafaka Vingunguti. Nilipita kumwona saa tatu usiku. Alikuwa juu ya ngazi, kitambaa cha kichwa kimegeuka rangi ya vumbi, anahesabu magunia safu kwa safu huku mlinzi akimmulikia kwa tochi ya simu kwa sababu taa ya upande ule ilikuwa imeungua. Kila akimaliza safu aliandika, akarudia tena kutoka chini kwenda juu. Nikamwachia soda na maandazi. Nikaenda nyumbani kusubiri mwaka mpya na watoto wangu. Fataki zilipolia nilikuwa sebuleni. Yeye, nilikuja kusikia, alikuwa Gongo la Mboto akitafuta boda ya kumfikisha Chanika.

Januari hadi Machi ndiyo yenyewe. Alikuwa anatoka saa tatu, saa nne usiku. Hakuna aliyemwambia abaki. Lakini mimi nilikuwa bado nimekaa, taa yangu inawaka, na mwajiriwa mpya gani anaaga meneja akiwa bado amekaa? Nilijua hilo pia. Siku nyingine nilikuwa naangalia mpira kwenye kompyuta. Mitihani ya uhasibu ya NBAA ya Mei hakuifanya, maana muda wa kusoma alitupa sisi.

Aliwahi kuuliza, mara moja tu, kwa adabu sana, kama kuna chochote kwa saa za ziada. Nikamjibu jibu ambalo na mimi niliwahi kujibiwa: "Mdogo wangu, hii ni taaluma, si kibarua. Kazi ya kitaaluma saa zake hazihesabiki."

Hapo ndipo aibu yangu ilipo zaidi kuliko hata kwenye raba. Zilikuwa zinahesabika. Kila mtu ofisini kwetu alikuwa anajaza taimshiti: mteja fulani, kazi fulani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, kwa vipande vya robo saa. Mimi ndiye niliyezisaini kila Ijumaa, kisha zikaenda kutengeneza ankara za wateja. Machi 2023 binti huyu aliandika saa 271. Saa za mkataba kwa mwezi ule, ukihesabu siku ishirini na tatu na Jumamosi nne, zilikuwa 204. Zilizobaki ni 67. Mteja alizilipia zote 67, kwa bei ya ofisi. Aliyezifanya hakupata hata nauli ya usiku.

Nimeshazipigia hesabu. Sheria ina jedwali lake: unagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa za wiki. Kwa 450,000 na saa 45, saa moja yake ilikuwa shilingi 2,308. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 3,462. Mara 67 ni 231,954, kwa mwezi mmoja, kabla hata ya kuongeza ile asilimia 5 ya kila saa inayoangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Na saa zenyewe zilipita kiwango: mwisho ni 50 za ziada katika kila wiki nne, tena kwa makubaliano. Sentensi yangu ya "muda mwingine wowote" si makubaliano. Ni meneja aliyeandika peke yake na mtu mwenye shida akatia saini.

Septemba 2023 tukaajiri kijana, kazi ileile, meza ya pili kutoka ya binti. Nilipomuuliza anategemea kiasi gani akasema milioni moja na laki mbili, bila kumeza mate. Nikacheka, nikamwambia mwisho wangu ni laki nane, akakubali. Mjomba wake, akaniambia baadaye, anafanya kazi benki na ndiye aliyemwelekeza asiingie chini ya hapo. Uwezo wake ulikuwa wa kawaida tu. Urari wenye kosa ulimchukua nusu saa, na kosa hakuliona.

Mwezi uliofuata dada anayeshughulikia mishahara akaenda likizo ya uzazi. Nikampa yule binti karatasi ya mishahara aihakiki. Nikikumbuka najiuliza nilikuwa nimelewa nini. Sikumfikiria kabisa, nilikuwa nimezoea kumpa kila kazi inayotaka umakini. Alirudisha karatasi jioni, imehakikiwa, amepata kosa moja la shilingi 12,000 kwenye NSSF ya mtu mwingine. Juu ya mstari wake na mstari wa kijana yule hapakuwa na alama yoyote.

Kuanzia kesho yake akawa anaingia saa 2:00 kamili na kutoka saa 11:00 kamili. Anafunga kompyuta, anasukuma kiti, "Kaka, mimi natangulia." Kazi yake haikushuka. Nami, badala ya kujiuliza kulikoni, nikamwandikia barua ya kumuonya kuwa hana moyo wa kujituma. Nilimwonya mtu kwa maandishi kwa kosa la kufuata mkataba nilioutunga mimi mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaisaini, akaomba nakala. Mwisho wa Novemba aliondoka. Hakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hakusema neno baya kwa mtu, aliagana na mlinzi na mama wa chai kwa mkono.

Miezi kumi na minne. Kwa tofauti ya 350,000 kila mwezi kutoka ile laki nane, ni 4,900,000, mbali na saa za ziada. Na sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mimi nilihakikisha kinyume chake, kisha nikampa mwenyewe karatasi aihakiki.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa historia yangu. Mimi nilianza kwa nauli. Miezi minane nilikuwa "najitolea" kwenye ofisi moja mjini, nikipewa 5,000 kwa siku niliyofika, na niliyemfanyia kazi aliniambia siku moja nitamshukuru. Sikuwahi kumshukuru. Lakini nilipokaa kwenye kiti kama chake, mkono wangu ulijua wenyewe la kufanya, haukusubiri niuambie.

Nimehama ofisi ile. Nilipo sasa tangazo la kazi huandikwa mshahara, na waombaji hupiga simu kuuliza kama ni kabla ya makato au mkononi, nami huwatajia vyote viwili. Wengine wanadhani ni utapeli.

Mwezi uliopita nilimtafuta. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza bajeti ilikuwa kiasi gani, nikaomba radhi, nikamwambia nataka kuanza kumlipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu, maana ofisi ile nilipowaendea walinicheka. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha:

"Shikamoo kaka. Nashukuru. Siku ile nilikuona ukifuta. Nikajua nimetaja hela kubwa mno, nikaogopa nimeikosa kazi. Nilijilaumu mpaka mlipopiga simu."

Kuhusu hela hakusema lolote. Nimemwuliza tena niitume kwa namba gani. Bado hajanijibu.