Kinu Husema Kabla ya Kuvunjika

Asubuhi ya msimu wa mavuno Songea huwa na baridi kali, na Milima ya Matogoro, unakochimbuka Mto Ruvuma, hujifunika ukungu. Baada ya swala ya alfajiri, sisi wajumbe watatu wa kamati ya msikiti tulikwenda kuitazama mashine ya kusaga mahindi iliyowekwa wakfu. Kwa mapato yake hulipwa walimu wa madrasa na kulishwa mayatima.

Foleni ya magunia ilikwisha kufika barabarani. Msagaji wetu, mzee wa makamo, alitupokea kwa salamu, kisha akasema: "Ustadhi, wekeni kiganja hapa, juu ya beringi." Mtetemo ulitupanda hadi kiwikoni. "Juzi haukuwapo," akasema. Sisi tulikuwa tumeazimia matengenezo yangoje mwisho wa mwezi.

Tulifuatana na kijana wa jamaa zetu, fundi mitambo katika machimbo ya dhahabu ya Geita, aliyekuja likizo. Alitueleza kuwa mawe ya madini husagwa ndani ya pipa kubwa la chuma lizungukalo, lenye mipira ya chuma. Kwa kuwa ndani hapaonekani, mafundi hubandika vipima mtetemo ubavuni mwa pipa na kwenye beringi, na kompyuta huchambua ishara zake. Mawe yakipungua, mipira hugonga kuta na mtetemo hupanda. Yakizidi, mgongano hufifia. Kila kasoro ina mwendo wake: rota izungukayo mara 3,000 kwa dakika, ikielemea upande mmoja, hutikisika mara 50 kwa sekunde, beringi iliyochakaa hutetema kwa kasi zaidi.

"Mzee amefanya kazi ya kompyuta kwa kiganja," akasema kijana.

Tuliizima mashine. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walinung'unika, nasi tuliwaomba radhi. Kifuniko kilipofunguliwa, nyundo moja ilionekana imepasuka karibu na tundu lake. Lau ingechomoka, ingeweza kutoboa bati na kuwafikia watoto waliokaa mlangoni wakiota jua. Ilibadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili, ili uzito ulingane. Adhuhuri unga ulikuwa ukitoka tena.

Mali ya wakfu ni amana, na roho za watu ni amana kubwa zaidi. Siku ile ile tuliandika katika daftari la kamati: mashine itakaguliwa kila Ijumaa asubuhi, na msagaji akisema izimwe, itazimwa kwanza; kikao kitafuata.