Macho Manne na Sauti Moja

Wahenga walilonga kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii huwajia wengi akilini wanapozungumzia pesa, mifugo au mavuno ya shambani. Ni wachache wanaoikumbuka wanapozungumzia mtandao wa nyumbani, ilhali mtandao nao ni mali: hununuliwa kila mwezi, hugawanywa miongoni mwa watu wengi, na huisha pasipo kelele. Katika makala haya ninakusudia kumsimulia msomaji yaliyotukuta nyumbani kwetu Witeithie tulipoongeza kamera nne za usalama katika mtandao uliokuwa ukitutosha, na jinsi daftari na kalamu vilivyotuokoa pale ambapo pesa zaidi hazikuwapo.

Kwa asiyepajua, Witeithie ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Thika, baina ya Juja na Thika kwenyewe, katika Kaunti ya Kiambu. Jina lenyewe ni la Kigikuyu na maana yake ni "jisaidie". Tangu barabara hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, majumba ya kupangisha yamechipuka kama uyoga. Humo wamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, na humo wamo wafanyakazi wanaorauka alfajiri kuelekea Thika, Ruiru na Nairobi. Penye wengi hapakosi mengi. Katika kipindi cha miezi miwili, nyumba tatu za mtaa wetu zilivunjwa usiku, na ya tatu ilipakana na yetu.

Tangu usiku huo mama hakulala usingizi wa kutosha. Alikuwa akiamka mara nne au tano kuchungulia dirishani. Habari hizo zilipomfikia dada yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi za nyumbani huko Doha nchini Qatar, alituma akiba yake ya miezi kadhaa ili tununue kamera. Alitaka mama alale. Aidha, alitaka naye aweze kuutazama ua wa nyumbani kwa simu yake, aone kuku wakidonoa na mama akianika nguo. Fundi alikuja siku ya Jumamosi, akafunga kamera mbili langoni, moja mlango wa nyuma na nyingine kando ya banda la kuku, zote zikitumia waifai, akapokea ujira wake na kwenda zake.

Mama alianza kulala. Hata hivyo, jambo jingine liliamka. Kila siku saa tatu usiku dada hutupigia simu kupitia mtandao, maadamu saa za Doha na za Kenya ni zile zile. Simu hizo zilianza kukatika. Sauti yake ilikuja vipande vipande, neno likafuatwa na kimya, kisha maneno matano yakamwagika kwa pamoja. Mdogo wangu anayesomea stashahada kwa njia ya mtandao naye akawa anatolewa darasani kila mara. Usiku mmoja dada alijaribu kutueleza jambo kwa muda wa dakika kumi. Tulisikia "nime...", tukasikia "tangu Jumatatu...", kisha tusisikie kitu. Asubuhi aliandika ujumbe: alikuwa mgonjwa kwa siku tatu na alikuwa akiomba mama amwombee. Mama aliusoma ujumbe huo mara mbili, akasema, "Mwanangu analiona lango letu, lakini mimi simsikii. Kamera hizi zing'olewe. Mwizi akija atachukua kuku. Lakini nikikosa sauti ya mtoto, nimemkosa mtoto."

Nilimwomba anipe wiki moja. Kampuni tuliyoilipia huduma ilitushauri tupande hadi kifurushi cha bei ya juu, jambo ambalo mfuko wetu haukuliruhusu. Basi nikachukua daftari. Kwa kushirikiana na jirani mmoja anayesomea uhandisi, nilianza kwa kupima. Mtandao una pande mbili: upande wa kupakua, yaani kuleta vitu nyumbani, na upande wa kupakia, yaani kuvipeleka nje. Matangazo ya biashara husifu upande wa kwanza. Kwetu, kupakua kulikuwa megabiti 10 kwa sekunde, lakini kupakia kulikuwa megabiti 3 pekee, kwa kuwa huduma yetu huja hewani kutoka mnarani. Sasa kamera ni kiumbe cha ajabu katika nyumba ya kawaida. Sisi sote huleta zaidi ya tunavyopeleka; kamera hupeleka tu, mchana na usiku, bila kupumzika.

Kila kamera ilikuwa imewekwa kutoa picha zenye ukubwa wa nukta 1920 kwa 1080, nazo zilihitaji takriban megabiti 2 kwa sekunde. Kamera nne ni megabiti 8. Fundi alikuwa ameziweka zipeleke picha zote, saa zote, katika hifadhi ya mbali iliyo nje ya nchi. Megabiti 8 zilikuwa zikilazimishwa kupita katika mlango wa megabiti 3. Hapo hapakuhitajika mganga wala mpiga ramli.

Msomaji huenda akauliza: mbona simu ya sauti, ambayo haihitaji hata megabiti moja, ikatike? Anayeijua barabara yetu atanielewa upesi. Malori yanayobeba mawe ya ujenzi ya Ndarugo yakijipanga kwenye njia moja, gari la wagonjwa lililo nyuma yao halipiti, hata kama ni dogo na lina haraka. Ruta hupanga vipande vya taarifa kwenye foleni. Kamera zikiijaza foleni hiyo kwa mizigo yao, sauti ya mama husubiri nyuma ya mawe, na sauti iliyochelewa kwa sekunde mbili haina faida tena katika mazungumzo. Isitoshe, hata kupakua hudorora, kwa sababu kila kinacholetwa nyumbani huhitaji risiti ndogo irudishwe kule kilikotoka, na risiti nayo imekwama kwenye foleni ile ile. Ndiyo maana masomo ya mdogo wangu yalivurugika. Tangu 2009, nyaya za baharini kama TEAMS, inayounganisha Fujairah na Mombasa, zimeifikisha nchi yetu karibu na Ghuba. Sauti ya dada ilivuka bahari salama salimini ikaja kukwama sebuleni!

Baada ya kupima, tulitengeneza. Jambo la kwanza lilikuwa kuzizuia picha zisitoke nje pasipo sababu. Tulinunua kinasa picha kilichotumika chenye diski ya terabaiti moja, tukakificha kabatini. Picha sasa husafiri kutoka kwenye kamera hadi kabatini, wala haziigusi intaneti. Jambo la pili lilikuwa kuziondoa kamera kwenye waifai. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vyema lakini yana njia tatu tu zisizoingiliana, nambari 1, 6 na 11, na katika mtaa wenye maghorofa kama wetu kila jirani anazigombea. Tulivuta kebo, ambayo inaweza kufika mita 100, na kebo hiyo hiyo ikabeba umeme wa kamera. Betri ndogo tuliyoiweka kabatini huendesha kinasa, kamera na ruta umeme unapopotea, maana mwizi naye hupenda giza.

Jambo la tatu lilikuwa kupunguza mzigo wenyewe. Kamera zilikuwa zikipiga picha 25 kwa sekunde; mtu anayeruka ukuta hutambulika vyema hata kwa picha 12. Tuliacha mbinu ya kubana picha iitwayo H.264, ya mwaka 2003, tukachagua mrithi wake H.265, ya mwaka 2013, ambayo hutoa picha ya ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya mzigo. Kila kamera ikashuka hadi megabiti 1. Hesabu ya diski ilibadilika pia. Awali, megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1, maana baiti moja ni biti nane. Kwa siku ni gigabaiti 86.4, na terabaiti moja ingejaa baada ya siku 11 na ushei. Sasa ni gigabaiti 43.2 kwa siku, na kumbukumbu zetu hudumu kwa siku 23.

Jambo la nne lilimhusu dada. Hatukutaka kumnyima dirisha alilolinunua kwa jasho lake. Kamera zetu hutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja: mkubwa wa kuhifadhiwa na mdogo wa kutazamwa kutoka mbali. Mdogo tuliuweka kwenye megabiti 0.3. Hata akizitazama zote nne kwa pamoja, ni megabiti 1.2, na 1.8 hubaki kwa ajili ya mazungumzo na masomo. Hatimaye, tuliiagiza ruta itangulize simu na madarasa mbele ya kila kitu kingine. Gari la wagonjwa likapewa njia yake.

Katika kusoma nilikutana na kisa kilichonifurahisha. Kamera ya kwanza kuunganishwa na mtandao kwa namna hii iliwekwa mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ili watafiti waone iwapo birika la kahawa lina kitu kabla ya kwenda kulifuata. Ilitoa picha ndogo zisizo na rangi, chache kwa dakika, nayo ilidumu hadi 2001. Picha hizo hafifu zilitosha kwa kazi yake. Ingefaa kila anayenunua kamera ajiulize kwanza: ninataka kuona nini, na picha ya kiasi gani inatosha kukiona?

Ningekuwa nimetenda dhuluma kama ningekomea kwenye hesabu. Mnamo 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani ambavyo wenyewe hawakuwa wamebadilisha nywila za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vilitumiwa kuzifanya tovuti kama Twitter na Netflix zisifikike kwa saa kadhaa. Mlinzi aligeuzwa askari wa adui. Kwa hiyo tulibadilisha nywila zote na kuzitenga kamera na vifaa vingine vya nyumbani.

Fauka ya hayo, kamera moja ya langoni ilikuwa ikitazama kamba ya nguo na mlango wa jirani. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 31, humhakikishia kila mtu haki ya faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Huko Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mnamo Desemba 2014 kuwa kamera ya nyumbani inayofika barabara ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa shughuli ya nyumbani tu. Hata pasipo sheria, ujirani una adabu zake. Mama alimwalika mama wa jirani, akamwonyesha kwenye simu kile ambacho kamera inakiona, na wote wawili wakakubaliana igeuzwe kidogo kushoto.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Nilipomweleza mama kwamba "kipimodata" hakitoshi, alinitazama kama aliyesikia Kilatini. Nilipomwambia kuwa njia ya kutoka ni nyembamba na kamera zimeijaza, alielewa papo hapo, akauliza swali lililozidi yangu yote: "Kwa nini zitoke nje, na mwizi yuko hapa?" Istilahi ni muhimu, nami sizibezi, lakini istilahi isiyokuwa na maelezo ni shoka lisilo mpini. Iwapo lugha yetu itatumika kueleza mambo ya teknolojia, basi na ianzie jikoni na langoni, mahali ambapo watu wanaulizana maswali ya kweli.

Kwa kutamatisha, nawasihi wasomaji wenzangu: kabla ya kununua kamera, pimeni upande wa kupakia, zidisheni idadi ya kamera kwa mzigo wa kila moja, hifadhini picha nyumbani, na mwulizeni kila mwanafamilia ni nini asichoweza kukikosa. Swali hili la mwisho halimo katika kijitabu cha fundi yeyote, nalo ndilo lililoamua jinsi tulivyougawa mtandao wetu. Dada alipona. Mkataba wake una miezi saba zaidi, na mama huihesabu kila Jumapili.