Kuchagua Kamshafti

Fahari ya gari kuukuu huonwa na macho, lakini tabia yake hukaa gizani, ndani ya injini, katika chuma kirefu chenye nundu ambacho mafundi hukiita kamshafti. Chuma hicho huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Na kila nundu ipitapo husukuma valvu ikafunguka, hewa na petroli vikaingia au moshi ukatoka. Nundu pana hukawiza kufungwa kwa valvu. Nundu nyembamba huifunga upesi. Katika tofauti hiyo ndogo, ipimwayo kwa nyuzi za duara na sehemu za inchi, ndimo huamuliwa kama gari litakuwa punda wa kazi au farasi wa mashindano.

Nilijifunza hayo Marekani, nilikokuwa nikifundisha Kiswahili. Jirani yangu alikuwa akiunda upya injini ya Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, yenye inchi 350 za ujazo, mali ya baba yake aliyekwisha kupita umri wa miaka 80. Mzee alikuwa na haja moja tu: kuliendesha gari lake tena kabla miguu haijamkatalia kabisa. Mwana naye alikuwa na haja yake: kuisikia injini ikinguruma kwa kukatakata, mithili ya ngoma, gari likiwa limesimama. Alinionyesha namba za kamshafti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyuzi 214, ya pili ya nyuzi 242, zote zikihesabiwa tangu tapeti inapoinuka inchi 0.050.

Hoja ya mwana haikukosa msingi. Mwaka 1967 Chevrolet ilitoa Camaro Z/28 yenye injini ya inchi 302, ili ishiriki mashindano ya Trans-Am, ambayo kikomo chake kilikuwa inchi 305. Kamshafti yake ilikuwa na nundu pana kuliko hata ile ya nyuzi 242, na gari lile lilipata sifa isiyochakaa. Lakini Z/28 lilikuwa na gia za mkono, na injini yake ilitoa nguvu katika mizunguko mingi kwa dakika; katika mwendo wa taratibu ilikuwa nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sababu yake si fumbo. Valvu ya kuingiza ikikawia kufungwa, pistoni ipandayo taratibu hurudisha sehemu ya hewa ilikotoka, na mbano hupungua. Tena valvu ya kuingiza na ya kutoa zikikaa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi hupenya katika njia ya hewa safi. Hapo ndipo ngurumo ya kukatakata huzaliwa, na hapo ndipo ombwe la injini hudhoofika. Ombwe hilo ndilo lililousaidia mguu kukanyaga breki za gari lile. Likipungua, kijana hukaza mguu. Mguu wa mzee hauna akiba ya kukaza. Ziko pampu za umeme za kuongeza ombwe, lakini hazirudishi mvuto uliopotea katika mwendo wa mjini, na mzee hakuwa na safari nyingine ila ya mjini.

Jirani alikaa na namba zile juma zima. Nilimpa methali yetu, Tamaa mbele, mauti nyuma. Akaniuliza maana ya kila neno, akacheka, kisha akanyamaza. Siku ya pili yake aliagiza kamshafti ya nyuzi 214. Kiangazi kile mzee aliendesha gari lake mwenyewe, akasimama kila taa nyekundu bila ya taabu.

Tangu hapo, kila nisomapo insha za wanafunzi wangu, hukumbuka nundu zile. Wako waandishi wachaguao maneno kwa ngurumo yake, wakasahau kuuliza ni nani atakayesafiri nayo. Neno, kama kamshafti, na lipimwe kwa safari na kwa mguu wa msafiri.